Nyumba Nne za Fai

Mimi ni mtu wa kusinzia, na sioni haya kulisema. Mwezi wa saba, mashamba ya mpunga yakishajaa maji na mbingu ikashuka ndani yake, barabara ya kijiji chetu cha Ban Don Hin huonekana imening'inia hewani, mawingu juu, mawingu chini, na mimi na pikipiki yangu katikati. Asubuhi nakwenda nikiwa macho. Mchana narudi nusu mtu. Wenzangu hunicheka kwamba siku moja nitaendesha mpaka Laos bila habari. Lakini ole wake anayeniamsha ghafla, maana hasira zangu huamka kabla yangu.

Huo ndio mwezi wa kutembelea nyumba. Kila mwalimu wa darasa lazima afike nyumbani kwa kila mwanafunzi wake, apige picha mbele ya nyumba na mtoto na mzazi, kisha ajaze fomu. Baba yupo au hayupo. Wazazi wako pamoja au wameachana. Nani anakunywa, nani mgonjwa, paa la nini, choo cha namna gani. Fomu inaingia kwenye kompyuta, picha zinabandikwa kwenye ubao karibu na mlingoti wa bendera, na zile nzuri zaidi zinawekwa kwenye ukurasa wa shule mtandaoni, ili wakaguzi waone jinsi tunavyowajua watoto wetu. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na saba. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ni vizuri, na mimi sikuwahi kujiuliza. Naipenda hata. Mwalimu Orathai anawajua watoto wake mpaka majina ya mbwa wao, ndivyo walivyokuwa wakisema, nami nikavimba kichwa.

Mwaka jana nilikuwa na watoto thelathini na wanane wa kidato cha pili. Wa mwisho kumtembelea alikuwa Fai.

Fai alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba, hodari wa hesabu, na mchache wa maneno kuliko mtoto yeyote niliyepata kumfundisha. Alitangulia na baiskeli, mimi nikamfuata polepole nyuma. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, ya kulowesha nyusi tu. Baiskeli yake ilionekana mara mbili, moja barabarani na nyingine kichwa chini ndani ya maji ya shamba, na kwa muda mrefu nilijikuta naitazama ile ya majini, ndiyo iliyokuwa na mwendo mzuri zaidi.

Tulifika kwenye nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo, paa la bati jekundu. Chini ya nyumba, kwenye kitanda cha mianzi, alikuwepo bibi mmoja akimenya machipukizi ya mianzi. Jina lake Bunhom. Mbwa wa kahawia alitoka mbio, akanipita mimi mgeni, akaenda kumbwekea Fai.

"Karibu, Mwalimu, karibu," bibi alisema huku akimtisha mbwa kwa kisu. "Mjukuu wangu anakusumbua?"

"Hanisumbui, Mama. Ila nikimuuliza jambo, jibu linakuja wiki ijayo."

"Hata hapa ni hivyo hivyo. Fai, mletee mwalimu maji."

Fai aliinuka, akapanda ngazi, akasimama katikati. "Bibi, vikombe..."

"Si palepale juu ya mtungi?"

"Mbwa wenu hana adabu," nilisema. "Anambwekea mwenye nyumba."

"Amezeeka, macho hayaoni tena. Kama mimi tu."

Tulicheka. Nilikunywa maji, nikauliza maswali yangu, nikaandika kwamba baba anafanya kazi mbali. Nikapiga picha: bibi, mjukuu, mimi, na bati jekundu nyuma. Ilitoka nzuri sana.

Siku ya pili yake, baada ya chakula cha mchana, mvua ilipiga bati la ofisi ya walimu nami nikaegemeza kichwa mezani. Niliota nyumba zote za wanafunzi wangu zimeshuka mashambani. Zilikuwa zinatembea ndani ya maji kwa nguzo zao, pole pole, zimekunja sakafu kama wanawake wanaopandikiza mpunga wanavyokunja sketi. Nikaziita kwa majina, na kila moja ikageuka na kuniitikia. Ya Fai tu ndiyo iliyonipa mgongo. Nikizunguka mbele, inazunguka nayo. Na mahali fulani mbwa alikuwa anabweka.

Niliamka na hasira. Nikaenda kwenye kabati la kumbukumbu, ambalo halina kufuli wala halijawahi kuwa nayo, yeyote anayetumwa chaki anaweza kulifungua, nikatoa faili la Fai. Ndani mlikuwa na picha za miaka mitatu. Ya kwanza, nyumba yenye duka dogo mbele. Ya pili, nyumba iliyozungukwa na migomba. Ya tatu, nyumba ya saruji ya rangi ya bluu. Katika kila picha Fai amesimama wima, na bibi amemshika bega. Kila mwaka bibi mwingine.

Mwalimu Prasong alikuwa meza ya pili anakula mbegu za alizeti. Nilimuuliza, "Mwaka jana ulimtembelea Fai wapi?"

"Nyumba ya bluu karibu na kinu. Bibi yake alinilisha wali wa kunata mpaka nikashindwa kuinuka."

"Mwaka huu ana bibi mwingine. Na mwaka juzi mwingine."

"Basi ana bahati. Mimi sikupata hata mmoja."

Sikucheka. Nilikuwa nimedanganywa na mtoto, mimi Orathai, mbele ya glasi ya maji. Na Ijumaa Mwalimu Mkuu alikuwa anapeleka taarifa zote wilayani. Nikavaa koti la mvua, nikarudi kwa Bibi Bunhom, nikiwa nimepanga njia nzima maneno ya kumwambia.

Nilimkuta palepale. Mbwa alikuja, akanusa viatu vyangu, akaenda zake.

"Mama," nilisema, "Fai si mjukuu wako."

Hakushtuka wala hakuacha kumenya. "Si mjukuu wangu."

"Umenidanganya, ukaniacha naandika uongo kwenye karatasi ya serikali."

"Kaa kwanza, Mwalimu. Ukisimama hivyo unaninyima mwanga."

Nikakaa. Alimenya chipukizi moja mpaka mwisho, akaliweka kwenye beseni.

"Mwaka ule wa barakoa mume wangu alifia hospitali," alisema. "Unaukumbuka ulivyokuwa. Walimleta kwenye mfuko, wakamwacha langoni mwa hekalu, wakaondoka. Ndugu zake hawakuja. Wanangu walikuwa wamezuiwa Bangkok. Mimi mwenyewe niliambiwa nisisogee. Thongdam, mchoma maiti, alimpokea peke yake. Alimwita kwa jina lake. Alinipigia simu akaniuliza, Mama, mzee alipenda sigara gani, nimwekee. Asubuhi akaniletea mifupa yake imefungwa kwenye kitambaa cheupe, imeoshwa, inanukia." Alichukua chipukizi jingine. "Huyo mtoto ni wake. Akija kuniambia, Bibi, naomba nyumba yako nusu saa, mimi nimnyime?"

Hasira zangu zilitafuta pa kukaa, zikakosa. "Na wale mabibi wengine?"

"Wajane kama mimi. Tuko wengi. Mtoto asingekosa nyumba mpaka amalize shule."

"Lakini kwa nini, Mama? Mimi ningekwenda hata kwa mchoma maiti. Sina dharau."

Hapo ndipo aliponitazama usoni. "Ulishakwenda, Mwalimu," alisema. "Hukumbuki?"

Niliikumbuka picha kabla sijamkumbuka mtoto. Miaka minne nyuma: ukungu, bomba refu la tanuru la kuchomea maiti, kibanda cha mabati chini yake, na mvulana wa sare ya skauti amesimama mlangoni, na mimi kando yake nikitabasamu. Juu yake niliandika, Mwalimu anafika hata mahali ambapo wengine wanaogopa. Watu elfu na mia kadhaa waliipenda. Wilaya ilinipa cheti. Mvulana aliitwa Mek, na kwa sababu ameandikishwa kwa ukoo wa baba na Fai kwa ukoo wa mama, sikuwahi kujua kwamba ni ndugu. Baada ya mwezi mmoja hivi Mek aliacha shule. Niliandika kwenye daftari: ameacha, sababu za kifamilia.

Nilitoka pale bila kuaga vizuri. Barabara ya hekaluni inapita kati ya mashamba mawili, na siku ile maji hayakuwa na mkunjo hata mmoja. Sijui niliendesha kwa muda gani. Nilikuwa naona nyumba zote nilizowahi kupiga picha zimelala chini ya maji, moja baada ya nyingine, taa zinawaka ndani, na watu wameinua nyuso kunitazama nikipita juu yao. Miaka ishirini na saba ni nyumba nyingi.

Kibanda kilikuwa palepale, kimeongezwa chumba. Mbele kulikuwa na beseni la maji yenye maganda ya mti yanayonukia, yale ya kunawia uso mtu anapotoka mazikoni. Kijana mmoja alikuwa anapasua kuni. Alikuwa amerefuka, lakini nilimjua. Aliweka shoka chini, akaunganisha viganja kifuani, akainama.

"Mwalimu."

"Mek. Baba yupo?"

"Amekwenda kutafuta kuni. Ni mimi tu." Aliuangalia mkoba wangu. "Mwalimu umekuja kupiga picha?"

"Hapana. Nimekuja kukuuliza kitu. Kwa nini uliacha shule?"

Alifikiri, si kama mtu anayetafuta jibu, bali kama anayetafuta namna ya kulitoa bila kunikosea heshima. "Wali," alisema. "Tulikuwa tunakula saba kwenye kikapu kimoja, Mwalimu unajua. Ile picha ilipotoka, nikishachota mimi, mwingine hachoti tena. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wanasema tu wameshiba. Siku nyingine nilichota wa mwisho kabisa ili wale kwanza. Wakaanza kushiba kabla hata hatujafungua kikapu."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini, Mwalimu? Ulifurahi sana na ile picha."

Niliona aibu, aibu ya kupanda kutoka miguuni. Nilitoa simu, nikafungua ukurasa wa shule, nikateremka miaka minne ya michezo, maua na bendera mpaka nikaikuta, nikaifuta mbele yake. "Tayari," nilisema. "Haipo tena."

Mek alijifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha. Ukurasa wa watu wa hadithi za mizimu. Picha yangu, uso wangu umekatwa, amebaki yeye na mlango na bomba. Wameandika, mtoto anayelala na maiti, na jina la kijiji chetu. Iliwekwa wiki iliyopita.

"Jumamosi huwa wanakuja na kamera," alisema. "Baba anawapa maji, wanaondoka. Mimi nimeshazoea. Lakini kwenye hii hakuna Fai. Hakuna mahali popote duniani alipoandikwa Fai na nyumba hii pamoja. Yeye anakula na wenzake, Mwalimu. Mpaka leo anakula na wenzake."

Wakati huo baiskeli iliingia kutoka barabarani. Fai aliiona pikipiki yangu, akafunga breki. Hakushuka, hakusogea. Manyunyu yalikuwa yanamwangukia kichwani naye hakuyapangusa.

"Mwalimu," alisema, "umeshapiga?"

Nimeulizwa maswali mengi na watoto, lakini hilo lilinikata maini. "Sijapiga," nilisema. "Sijapiga na sitapiga."

"Na kwenye fomu?"

"Sijaandika."

"Walimu wote husema hivyo." Sauti yake ilikuwa ya chini kama kawaida. "Ikiandikwa, mimi sitakuja tena. Naomba nisije hata kuaga."

"Kesho una hesabu kipindi cha kwanza," nilisema. "Utakuja. Mimi hapa sijafika."

"Lakini upo, Mwalimu," Mek alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

"Nimepita kunawa uso," nilimjibu, nikainamia beseni nikanawa kweli, maana nilikuwa na haja.

Ijumaa tulikutana walimu wote kumi na mmoja kwenye ofisi. Mwalimu Mkuu ni mtu mpole, anayependa mambo yake yawe yamenyooka. Alikuwa ameliweka jedwali ukutani kwa ile mashine ya kuangaza, majina yote ya shule yamepangwa, na kila jina lina kijipicha cha nyumba. Ukuta mzima ulikuwa paa na milango. Katika darasa langu kulikuwa na kisanduku kimoja cheupe. Picha ya bati jekundu sikuipeleka, maana yeyote atakayeziweka zote nne pamoja angeuliza kama nilivyouliza mimi.

"Mwalimu Orathai, thelathini na saba," alisema. "Umesahau mmoja?"

"Sikusahau."

"Basi tatizo nini? Huyu Fai anakaa wapi?"

"Sijui, Mwalimu Mkuu."

Watu waligeuka. Mwalimu Prasong aliacha mbegu zake. "Nyumba ya bluu," alinong'ona kunisaidia. "Ninayo picha. Chukua yangu."

"Sitaki ya mwaka jana," nilisema. "Na naomba hata hiyo iondolewe, na zile mbili za kabla yake."

"Miaka ishirini na saba," Mwalimu Mkuu alisema, bila ukali, kwa mshangao tu, "na leo ndio hujui mtoto wako anakaa wapi? Mwalimu, wakaguzi wanaangalia kisanduku kimoja kimoja. Nitawaambia nini?"

"Waambie Orathai hajui. Watakuamini, wananijua nasinzia."

Wachache walicheka. Yeye hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema jambo la kawaida kabisa, ambalo sikuwa nimeliwaza hata mara moja. "Basi tumwite mwenyewe."

Fai aliletwa. Alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi zake nyeupe, akaunganisha viganja na kutuinamia wote. Mwanga wa mashine ulimpiga, na zile nyumba ndogo zikampitia usoni na kwenye sare. Alisimama ndani yao bila kujua aweke macho wapi. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, ile ya mchana, isiyo na haraka.

"Usiogope, mwanangu," Mwalimu Mkuu alisema, vidole tayari kwenye kompyuta. "Hakuna kosa lolote. Tuambie tu, unakaa wapi?"

Fai alinitazama. Huyu ni mtoto aliyelelewa vizuri. Mkubwa akiuliza, anajibiwa, hivyo ndivyo tunavyowafundisha tangu hawajajua kufunga kamba za viatu, nami nimewafundisha hivyo kuliko wote. Nilimwona anavuta pumzi. Nilijua atajibu, na nilijua baada ya kujibu atakwenda kuchukua baiskeli.

"Usijibu, Fai," nilisema.

Mwalimu Mkuu aliondoa vidole kwenye kompyuta. Sidhani kama ndani ya chumba kile mwalimu yeyote amewahi kumwambia hivyo mwanafunzi mbele ya mkubwa wake. Nikashika meza.

"Usijibu, mwanangu," nilirudia. "Si lazima tujue mlango wako ndipo tukufundishe hesabu. Rudi darasani."

Fai alimtazama Mwalimu Mkuu, akakitazama kisanduku cheupe ukutani chenye jina lake, akanitazama mimi. Kisha akainama, akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni. Tulimsikia anavaa viatu, mguu mmoja, na wa pili. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaanza kuniuliza kama ninaelewa nilichofanya, na kuniambia kwamba darasa lile sitalishika tena. Nilikuwa namsikia kwa mbali. Nilikuwa nasikiliza hatua kwenye baraza, maana kushoto ni langoni, kulia ni darasani.

Zilikwenda kulia.